Mganga Hajigangi: Freud na Biri Zake

Wahenga walinena kwamba mganga hajigangi. Aghalabu methali hii tunaitumia kumsuta fundi wa viatu anayekwenda pekupeku, au mwalimu ambaye wanawe hawajui kusoma. Lakini iwapo yupo mtu mmoja ambaye maisha yake yaliithibitisha methali hiyo tangu mwanzo hadi mwisho, basi ni Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyeufundisha ulimwengu kuzisaili tamaa zilizojificha moyoni, ilhali yeye mwenyewe alishindwa na tamaa iliyokuwa wazi mkononi mwake. Tamaa hiyo ilikuwa biri.

Ni vyema tuanze na neno lenyewe. Biri si sigara. Sigara ni tumbaku iliyokatwakatwa na kuviringwa katika karatasi. Biri ni majani ya tumbaku yaliyoviringwa ndani ya jani la tumbaku. Neno hili lilitujia kutoka Bara Hindi, ambako ni jina la kisokoto chembamba cha mtu wa kawaida. Waswahili wakalipokea, wakaliita kwalo hata lile pande nene ambalo Wazungu walilivuta baada ya mlo.

Biri iliyo bora hutengenezwa kwa mkono. Majani hukaushwa kwa hewa, yakarundikwa yapate kuchachuka, kisha yakawekwa muda mrefu hadi ukali wake upungue. Ndani huwa na majani ya ujazo, juu yake jani la kufungia, na nje kabisa jani laini la kuvika, ambalo huteuliwa kwa rangi na ulaini wake. Wapenzi wa biri huzilinganisha kama vile waonjaji wa chai wanavyolinganisha majani kabla ya mnada: huzinusa kabla ya kuziwasha, hutazama jivu linavyoshikamana, na hupima ladha inavyobadilika toka mwanzo wa biri hadi kishungi. Moshi wenyewe hawaumezi. Huuzungusha kinywani, kisha wakautoa. Jambo hilo la mwisho tulikumbuke, kwani tutalirejelea.

Freud alizaliwa tarehe 6 Mei, 1856, katika mji wa Freiberg huko Moravia, ambao leo umo katika Jamhuri ya Czech. Wazazi wake walikuwa Wayahudi wasiokuwa na mali nyingi. Alipokuwa mtoto wa miaka minne, jamaa yake ilihamia Vienna, na huko alikaa karibu maisha yake yote. Alihitimu udaktari mwaka wa 1881. Baba yake, Jakob, alikuwa mvutaji, na alifariki mwaka wa 1896 akiwa na umri wa takriban miaka 80. Yamkini umri huo mrefu ulimtia mwana imani kwamba tumbaku haiui. Yeye mwenyewe alianza kuvuta alipokuwa na umri wa miaka 24, kwanza sigara, kisha biri, na hakuziacha tena ila kwa vipindi vifupi.

Sisi wa taaluma ya isimu tuna haki yetu katika habari za mtu huyu. Kitabu chake cha kwanza, kilichotoka mwaka wa 1891, hakikuhusu ndoto wala tamaa. Kilihusu afasia, yaani hali ya mtu kupotewa na usemi kwa sababu ya madhara katika ubongo. Mwaka wa 1895 yeye na mwenzake Josef Breuer walitoa kitabu kuhusu wagonjwa waliopata nafuu kwa kusema tu yaliyowalemea. Mwaka wa 1901 akaandika juu ya kuteleza kwa ulimi, akitumia mifano mingi iliyokuwa imekusanywa na mwanaisimu Rudolf Meringer na daktari Carl Mayer. Sisi tuna methali isemayo heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Freud alidai kwamba ulimi haujikwai bure, na kwamba kila unapoteleza hufichua jambo ambalo mwenyewe hakutaka lijulikane. Meringer hakukubaliana naye, na hadi leo wanaisimu wengi huona kwamba makosa mengi ya usemi hutokana na jinsi ubongo unavyopanga sauti na maneno. Hata hivyo, ni wazi kwamba uganga wa Freud wote ulijengwa juu ya kinywa: mgonjwa aseme, daktari asikilize.

Na katika kinywa hicho hicho ndimo alimoweka biri. Alivuta takriban biri 20 kwa siku. Kwa matumizi ya kila siku alitumia Trabuco, biri ndogo isiyo kali iliyotengenezwa na shirika la tumbaku la serikali ya Austria, ambalo lilikuwa limehodhi biashara hiyo tangu mwaka wa 1784. Lakini alipoweza kuzipata, alizipendelea zaidi Don Pedro na Reina Cubana, na vilevile Liliputano za Uholanzi. Matembezi yake ya kila siku mjini yalimpitisha dukani kuongeza akiba. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, tumbaku ilipoadimika, marafiki na wagonjwa walijua kwamba hakuna zawadi ambayo ingempendeza kuliko biri nzuri.

Kuanzia mwaka wa 1902 wanafunzi wake walikutana nyumbani kwake, nambari 19 katika barabara ya Berggasse, kila Jumatano usiku. Mezani paliwekwa vibweta vya majivu, na chumba kilijaa moshi kama jiko la kuni. Mpwa wake mmoja, kijana wa miaka 17, alipokataa kuvuta, mzee alimsikitikia kwa kujinyima mojawapo ya raha kubwa na rahisi za maisha. Freud aliamini kwa dhati kwamba ni biri iliyompa nguvu za kufanya kazi hadi usiku wa manane.

Je, hakujua alilokuwa akilifanya? Alijua. Mwaka wa 1905, katika maandishi yake kuhusu ukuaji wa mtoto, alieleza kwamba mtoto ambaye raha ya midomo imemzidi nguvu huenda akawa mlevi au mvutaji atakapokuwa mtu mzima. Watu hupenda kumnasibishia kauli ya mzaha kwamba wakati mwingine biri huwa ni biri tu, bila maana iliyofichika. Kauli hiyo haijapatikana popote katika maandishi yake. Lau angeisema, ingekuwa kauli ya kujitetea.

Onyo la mwili nalo lilimfikia mapema. Katika miaka ya 1890 moyo wake ulianza kwenda mrama, na rafiki yake Wilhelm Fliess, daktari wa pua na koo huko Berlin, akamkataza tumbaku. Freud aliacha, akarudia, akaacha tena, akarudia tena. Alimwandikia Fliess akilalamika kwamba bila biri hawezi kuandika. Sikio la kufa halisikii dawa.

Mwanzoni mwa mwaka wa 1923 aliona uvimbe kinywani mwake, upande wa kulia. Mwezi wa Aprili alimwonyesha daktari wake, Felix Deutsch. Deutsch alitambua mara moja kwamba ilikuwa saratani, lakini hakumwambia. Alimweleza kuwa ni madoa meupe ya wavutaji, yanayopaswa kukatwa. Upasuaji ulifanywa katika kliniki ya Marcus Hajek, bila matayarisho ya kutosha wala kitanda cha heshima. Damu ilimtoka kwa wingi. Baadaye siku hiyo, akiwa amelazwa katika chumba kidogo, damu ikaanza tena, na kengele ya kumwitia muuguzi ilikuwa mbovu. Aliyemwokoa ni mgonjwa mwenzake, mbilikimo mwenye upungufu wa akili, aliyekimbia nje kutafuta msaada. Mtaalamu wa akili aliyetajika duniani kote aliponea kwa huruma ya mtu ambaye jamii ilimhesabu kuwa hana akili.

Mwezi wa Juni mwaka huo huo mjukuu wake Heinz, mtoto wa miaka minne aliyempenda mno, alifariki kwa kifua kikuu. Mama wa mtoto huyo, Sophie binti Freud, alikuwa amefariki mwaka wa 1920. Ndipo mzee yule aliyezoea kuyabana machozi yake akalia waziwazi. Na ugonjwa wake mwenyewe aliendelea kufichwa. Alipogundua baadaye kwamba daktari na wanafunzi wake walijua wakanyamaza, alikasirika sana, na Deutsch akaacha kuwa tabibu wake.

Mwezi wa Oktoba daktari Hans Pichler alimfanyia upasuaji mkubwa, akaondoa sehemu kubwa ya taya la juu la upande wa kulia pamoja na kaakaa. Hapa msomaji aniruhusu nieleze jambo la fonetiki. Tunapotamka sauti kama p, t au k, kaakaa laini huinuka na kuziba njia ya pua, ili hewa ijikusanye kinywani kabla ya kuachiliwa. Kaakaa likiondolewa, kinywa na pua huwa chumba kimoja. Hewa huvuja, na maneno hutoka kama yanayosemewa puani. Ndiyo sababu Freud alitengenezewa taya bandia la kutenganisha vyumba hivyo viwili. Dude hilo lilimchubua na kumtesa kila siku, na kulivaa au kulivua kulihitaji mara nyingi msaada wa binti yake Anna. Sikio lake la kulia nalo likaacha kusikia, hata akalazimika kuhamisha kochi la wagonjwa ili awasikilize kwa sikio la kushoto.

Tazama basi kejeli ya mambo. Aliyeandika kitabu juu ya watu waliopotewa na usemi akapungukiwa na usemi. Aliyeponya kwa kusikiliza akabakiwa na sikio moja. Mwaka wa 1930 alipotunukiwa Tuzo ya Goethe mjini Frankfurt, hotuba yake ilisomwa na Anna.

Alifanyiwa upasuaji zaidi ya mara 30 katika miaka 16. Madaktari walimwambia bayana kwamba moshi ulikuwa ukichochea madhara yale. Aliendelea kuvuta. Wasimulizi wa maisha yake wanaeleza kwamba taya lilipokakamaa, alitumia kibanio cha nguo kuupanua mdomo ili biri ipate kupenya.

Mwezi wa Machi, 1938, Manazi waliitwaa Austria, na tarehe 4 Juni Freud aliondoka Vienna kwenda uhamishoni London. Mwezi wa Desemba watu wa BBC walimrekodi akisema kwa Kiingereza kwa muda mfupi. Hiyo ndiyo rekodi ya pekee ya sauti yake tunayoijua. Anayeisikiliza husikia mtu akipigania kila silabi.

Katika siku zake za mwisho mbwa wake mpendwa alimkwepa kwa sababu ya harufu ya kidonda. Kitabu cha mwisho alichokisoma ni riwaya ya Balzac kuhusu kijana mwenye ngozi ya ajabu: kila matakwa yake yanapotimizwa ngozi husinyaa, na uhai wake hupungua. Alipokimaliza alimkumbusha daktari wake, Max Schur, ahadi waliyowekeana zamani kwamba asimwache ateseke bure. Schur alimdunga mofini, na Freud alifariki tarehe 23 Septemba, 1939.

Tufunzwe nini na maisha haya? Kwanza, kujua si kuweza. Tunadhani tukimweleza kijana madhara ya tumbaku, pombe au miraa tumekwisha kazi. Freud alikuwa na elimu ya udaktari, elimu ya nafsi, na kidonda chake mwenyewe kama ushahidi, lakini vyote havikumtoa biri mkononi. Mraibu anahitaji kushikwa mkono, si kuhubiriwa pekee.

Pili, ukweli ni haki ya mgonjwa. Hata kwetu ipo desturi ya jamaa na daktari kunong'onezana mlangoni huku mwenye ugonjwa akiambiwa ni kidonda kidogo. Tunaiita huruma. Deutsch naye aliita hivyo. Lakini mtu aliyeishi kwa kuwatafutia wengine ukweli alinyimwa ukweli wa mwili wake, na jambo hilo lilimuuma kuliko kisu.

Tatu, tusimhukumu kupita kiasi. Tafiti kubwa zilizofungamanisha tumbaku na saratani ya mapafu zilitoka Uingereza na Marekani mwaka wa 1950, miaka 11 baada ya kifo chake. Mpenzi wa biri wa leo hana udhuru huo. Utamsikia akijitetea kwamba yeye haumezi moshi, anauonja tu. Lakini moshi wa biri huwa na hali ya magadi, na kwa sababu hiyo nikotini yake hupenya moja kwa moja katika ngozi laini ya kinywa, bila kupitia mapafuni. Sumu nyinginezo hukaa papo hapo ulimini na kwenye kaakaa. Anayetaka kulinganisha biri na biri na alinganishe. Huo ni uhuru wake. Lakini kabla ya kuwasha ya pili, na aisikilize ile rekodi ya London.