Elijah Masinde, mwanasoka aliyepanda ngome ya Chetambe

Ukitoka Kitale na matatu kwenda Bungoma, ukikaribia Webuye inua macho uone kilima cha Chetambe. Wengi hawainui, wako kwa simu. Huko juu Wabukusu walikuwa na ngome. Si kasri la mawe kama zile za sinema, ni ukuta wa udongo na handaki. Mwaka 1895 kikosi cha Waingereza, C. W. Hobley akiwemo, kiliivamia kwa bunduki na watu wengi wakafa humo.

Masinde hakuwa amezaliwa bado. Alikuja baadaye, kijana wa Maeni, Kimilili, na watu walimjua kwanza kwa mpira. Alichezea Kenya dhidi ya Uganda kwenye Kombe la Gossage. Alikuwa pia muumini wa kanisa la Friends, hadi alipooa mke wa pili wakamtema.

Hapo ndipo akashika Dini ya Msambwa, dini ya mababu, Mlima Elgon ukiwa mahali patakatifu. Tena alitaka wazungu waondoke, basi. Alipogomea amri za serikali, mwaka 1945 walimpeleka Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili. Ujanja wa zamani huo: mtu akikushinda kwa maneno, muite chizi.

Alitoka 1947. Mwaka huo huo, Septemba, akaongoza wafuasi wake kupanda Chetambe kuwaombea waliouawa pale. Hebu piga hesabu: ilikuwa miaka 52 tu. Kwenye umati kama huo, kuna mzee ambaye babake alibaki ndani ya handaki lile. Na upande wa Kitale, mashamba ya Trans Nzoia yalikuwa ya masetla, Wabukusu wakiyalima kama vibarua. Kwa hivyo sala ya wafu ilikuwa pia swali la ardhi, na serikali ilielewa vizuri sana.

Februari 1948 polisi walifyatulia umati risasi Malakisi, wakaua watu 11. Masinde akakamatwa, akapelekwa Lamu, mwisho mwingine kabisa wa nchi. Alirudi uhuru ukibisha hodi.

Ungedhani sasa atapumzika. Wapi! Serikali ya Kenyatta ilipiga dini yake marufuku 1968, naye akaonja jela tena, safari hii funguo zikiwa kwa Mwafrika mwenzake. Aliachiliwa Moi alipoingia, 1978. Alifariki 1987, na hadi leo Dini ya Msambwa ina waumini Bungoma.