Joule, mtengeneza bia aliyepima joto

James Prescott Joule alizaliwa Salford, Uingereza, Desemba 24, 1818, katika familia yenye kiwanda cha bia. Chuo kikuu hakusoma. Alifundishwa hesabu na mwanasayansi John Dalton, kisha akafanya majaribio nyumbani huku akisaidia kazi za kiwandani.

Mwaka 1843, mjini Cork, aliwaeleza wanasayansi kuwa kazi yaweza kugeuka joto kwa kipimo kisichobadilika. Walimsikiliza kimya. Mwaka 1844 Royal Society ilikataa kuchapa makala yake nyingine. Hakukata tamaa. Aliteremsha vyuma vizito vilivyozungusha makasia ndani ya maji, akapima maji yamepata joto kiasi gani. Lilikuwa joto dogo mno, ila mtu wa kiwanda cha bia huzoea kusoma kipimajoto! Mwaka 1847, huko Oxford, kijana William Thomson alimsikia, na wakubwa wakaanza kumjali.

Alifariki Oktoba 11, 1889. Mwaka 1948 kipimo chenye jina lake, juli, kilikubaliwa kimataifa kuwa kipimo cha joto.

Ndiyo maana pakiti nyingi za vyakula zinazovuka mpaka wa Rusumo hadi maduka ya Masaka huandikwa kilokalori na kilojuli. Kilokalori 1 ni kilojuli 4.184. Kilo ya maharage makavu ina kilokalori kama 3,300, yaani megajuli 14 hivi. Kilo ya mkaa, megajuli kama 29. Mama anayemaliza kilo ya mkaa kuivisha kilo ya maharage amechoma nishati mara mbili ya ile iliyomo chunguni.