Mervyn Cowie na barua yake ya hila

Kila nipandapo treni pale Miritini kwenda Nairobi, tukiingia Tsavo naweka simu mfukoni nitazame dirishani. Nikijaaliwa nawaona ndovu, wekundu kwa udongo wa kule, na hapo humkumbuka Mervyn Cowie.

Cowie alizaliwa Nairobi mwaka 1909, mtoto wa walowezi. Alisoma Uingereza, akarudi mwanzoni mwa miaka ya 1930 akiwa mhasibu, si bwana nyama. Akakuta wanyama aliowaacha nje ya mji wamepungua mno. Alitaka watengewe ardhi kisheria, lakini aliona serikali inajivuta. Ndipo akafanya hila. Aliandika barua katika gazeti la East African Standard, akajificha nyuma ya jina la mlowezi mzee, akitaka wanyama wote wa porini wauawe. Watu wakawaka, na serikali ikalazimika kuunda kamati. Vita vikachelewesha mambo, lakini mwaka 1946 Mbuga ya Nairobi ikatangazwa rasmi, ya kwanza nchini, na Cowie akawa mkurugenzi wa mbuga za taifa. Tsavo ikafuata mwaka 1948.

Mimi nakiri, bila mpaka ule wa kisheria sidhani ningekuwa na ndovu wa kutazama.

Lakini Tsavo ilikuwa na watu. Waata, ambao wengine huwaita Waliangulu, waliwinda ndovu huko kwa pinde kubwa na mishale ya sumu tangu enzi za mababu zao. Pembe ziliteremka pwani zikapakiwa majahazini, kwa hivyo na sisi tuliila fedha ile, tusijitoe. Mpaka ulipochorwa, mwindaji akawa mwizi pale pale kwao. Katika msako wa miaka ya 1950, Cowie akiwa bado mkurugenzi, wengi walitiwa jela na maisha yale yakavunjika. Sijasikia kwamba aliwaandikia wao barua yoyote.

Mwaka 1968 mipaka kama ile ikafika baharini kwetu, Malindi na Watamu. Cowie alikuwa ameshaacha kazi. Alifariki mwaka 1996. Siku hizi nikisikia kuna mkutano wa kutenga mikoko au miamba, naenda, nakaa nyuma, nahesabu wavuvi walioalikwa.