Maisha ya Lee Morgan, Mpiga Tarumbeta

Sisi tukaao Temeke twaijua sana sauti ya tarumbeta. Ni Jumamosi chache zinazopita bila ya matarumbeta kumsindikiza bibi arusi mtaani, na watoto wote wakifuata nyuma. Mjomba wangu alikuwa mmoja wa wapigaji hao. Siku moja alinisikilizisha katika simu yake wimbo wa jazi usio na maneno, akaniambia kuwa jina lake ni Mr. Kenyatta. Nilishangaa. Ni Mmarekani gani huyu aliyempigia tarumbeta mzee wa Kenya? Basi nikatafuta habari zake, na leo nawaletea ninyi.

Lee Morgan alizaliwa tarehe 10 Julai, 1938, katika mji wa Philadelphia, Marekani. Alikuwa kitinda mimba katika watoto wanne. Tarumbeta yake ya kwanza alipewa na dada yake, Ernestine. Alijifunza kwa bidii, na miongoni mwa waliomfundisha alikuwamo bingwa Clifford Brown, ambaye alikufa katika ajali ya motokaa mwaka 1956, umri wake miaka 25 tu. Mwaka huo huo Morgan, kijana wa miaka 18, alichukuliwa katika bendi kubwa ya Dizzy Gillespie, na kabla mwaka haujaisha alikwisha piga santuri ya kwanza akiwa kiongozi mwenyewe.

Mwaka 1958 aliingia katika bendi ya mpiga ngoma Art Blakey, iliyoitwa Jazz Messengers. Mtindo wao ni hadi bopu, yaani jazi iliyochota katika bluzi na katika nyimbo za makanisa ya watu weusi. Katika wimbo wao Moanin' wa mwaka huo, piano huanza na tarumbeta na saksafoni huitikia, kama tufanyavyo sisi ngomani.

Lakini katika ujana ule Morgan alinaswa na heroini, ambayo mitaani kwetu huitwa unga. Mwaka 1961 alitoka katika bendi akarudi kwao Philadelphia, na kwa muda wa miaka kama miwili jina lake lilikaribia kusahauliwa.

Kisha akarudi New York. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba, 1963. Siku tisa baadaye Morgan alipiga The Sidewinder, santuri iliyouzwa kuliko zote alizopata kupiga. Tarehe 15 Februari, 1964, akaingia studio tena kupiga Search for the New Land, maana yake kuitafuta nchi mpya. Alikuwa pamoja na Wayne Shorter katika saksafoni, Grant Green katika gitaa, Herbie Hancock katika piano, Reggie Workman katika besi, na Billy Higgins katika ngoma. Nyimbo zote tano alizitunga yeye. Ule wa kwanza huchukua karibu dakika 16; wa tatu ndio Mr. Kenyatta. Siku zile watu weusi wa Marekani, nao wakidai haki zao, walizitazama nchi zetu zikijitawala, wakapata moyo. Santuri hiyo ilitolewa mwaka 1966.

Hata hivyo unga ulikuwa haujamwacha. Alidhoofika, hata mwanamke mmoja, Helen, akamkuta hana koti wakati wa baridi kali. Helen alimtunza, akampeleka kutibiwa, akamrudisha kazini. Mwaka 1970 Morgan alisimama pamoja na wenzake kudai wanamuziki weusi waonyeshwe katika televisheni. Lakini wawili hao wakakosana. Usiku wa tarehe 19 Februari, 1972, katika ukumbi wa Slugs' huko New York, Helen alimpiga risasi. Theluji ilichelewesha gari la wagonjwa, na Morgan akafa akiwa na miaka 33.

Nimeandika habari hizi kwa sababu mjomba wangu naye alinaswa. Aliuza tarumbeta yake, na mama akaenda kuikomboa kwa aliyeinunua, akaifungia sandukuni. Sasa kila asubuhi mjomba huenda kliniki kunywa methadoni. Majirani husema teja ni teja tu. Mwezi uliopita aliomba tarumbeta yake akapige arusini. Mama anaogopa ataiuza tena.

Nilimsomea mama habari hizi zote, wala sikumficha mwisho wake mbaya. Nilimwambia kuwa Morgan alipewa tarumbeta mara ya kwanza na dada yake, na mjomba hana dada mwingine ila yeye. Mama hajajibu bado. Lakini wenzangu, nawaomba kitu kimoja: mkiona mtu aliyeanguka anajaribu kuinuka, msimwite jina la alipoanguka.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu