Mkulima Aliyeitia Theluji Katika Picha

Neno theluji sisi watu wa pwani tumelipata kwa Waarabu, lakini kitu chenyewe wengi wetu hatujapata kukigusa. Kipupwe kikivuma tukajitanda shuka mbili, huona baridi imetufikia upeo. Hata hivyo theluji si ngeni kabisa katika habari zetu. Mwaka 1848 mmishenari Johannes Rebmann alitoka Rabai, hapo nyuma ya Mombasa, akaiona juu ya Kilimanjaro. Habari zake zilipofika Ulaya, bingwa mmoja wa jiografia wa London alimkadhibisha waziwazi. Rebmann alikuwa na macho, picha hakuwa nayo. Leo nawaletea habari za mtu aliyekuwa na vyote viwili, na subira juu yake.

Wilson Bentley alizaliwa tarehe 9 Februari 1865 katika kijiji cha Jericho, jimbo la Vermont, huko Marekani ya kaskazini, jimbo lipakanalo na Kanada. Babake alikuwa mkulima wa ng'ombe wa maziwa. Katika nchi ile, majira ya baridi yakiingia upepo huvuma ukachoma uso, na mashamba yote hugeuka meupe kama kanzu ya Idi. Watu hufunga milango wakaota moto. Kijana huyu alikuwa kinyume chao: dhoruba ikija, yeye ndiyo kwanza atoke nje, maana hiyo ndiyo ilikuwa sikukuu yake.

Mamake aliwahi kuwa mwalimu, na ndiye aliyemsomesha nyumbani hata alipotimia miaka 14. Alipofikia miaka 15 akampa hadubini. Kijana akaweka chembe ya theluji chini ya kioo, akaona ajabu: kitu ambacho kwa macho matupu ni kama vumbi la unga, kilikuwa nyota yenye pembe sita, imenakshiwa kama mlango wa Lamu. Akataka kuichora. Lakini kila akishika kalamu, nyota huyeyuka kabla hajaimaliza. Kwa muda mrefu alikuwa akichora na kukosa.

Alipokuwa na miaka 17 babake alimnunulia kamera na hadubini ya kufungamana nayo. Thamani yake ilikuwa kiasi cha dola 100, fedha nyingi kwa mkulima wa siku zile, na mzee mwenyewe hakuiona faida yake. Hakuna aliyemfundisha kijana kazi ile. Alijaribu na kuharibu kwa zaidi ya mwaka, mpaka tarehe 15 Januari 1885 ndipo picha ya kwanza ilipotoka sawasawa. Hajatimiza bado miaka 20, naye leo huhesabiwa miongoni mwa watu wa mwanzo duniani kuipiga picha chembe moja ya theluji.

Yafaa tuitazame kazi yenyewe. Chumba chake hakikutiwa moto, kwani joto kidogo tu huharibu yote. Husimama nje na ubao uliopakwa rangi nyeusi, theluji ikaangukia juu yake. Akiona chembe nzuri, huiinua kwa kijiti chembamba, akaiweka juu ya kioo, akaitandaza taratibu kwa unyoya wa ndege. Wakati wote huo huzuia pumzi, maana pumzi ya mwanadamu ni moto kwa theluji. Kisha hupiga picha kwa mwanga wa dirishani. Aliifanya kazi hii kwa zaidi ya miaka 40, akakusanya picha zaidi ya 5,000. Asipate hata mbili zilizo sawa!

Pembe zile sita zina sababu. Maji yakigandia mawinguni, chembe zake ndogo mno hushikana kwa mpango wa pande sita, na kila ua hukua juu ya msingi huo. Lakini katika kushuka, kila moja hupita katika baridi na unyevu wa namna yake, kwa hiyo kila moja huja na pambo lake. Mimi niliyelelewa katika ushairi naona ni kama tungo: mizani ni zile zile na vina vyajulikana, lakini kila mtunzi ana neno lake. Nasi tuliokaa chuoni tangu utotoni twajua ni nani Mtunzi wa haya.

Bentley hakuitazama theluji peke yake. Alipiga picha umande, jalidi na mawingu. Kuanzia mwaka 1898 alitaka kujua ukubwa wa matone ya mvua, na chombo chake kilitoka jikoni. Alitoa nje sinia ya unga wa ngano kwa muda mfupi, na kila tone likafanya kidonge cha unga. Vidonge vikikauka huvipima. Alipima mvua mara 344, akatangaza matokeo yake mwaka 1904.

Je, jirani zake walimwonaje? Walimwona mtu wa ajabu, anayepoteza wakati wake. Siku moja aliwaalika wanakijiji waje waone picha zake, bila ya kiingilio. Walikuja watu sita. Hakuoa, na vioo vya picha zake aliviuza kwa senti 5 kimoja. Kwa hesabu yake mwenyewe kazi ile ilimgharimu kama dola 15,000, na hakupata hata 4,000.

Wataalamu nao walimtia ila. Baadhi ya Wajerumani walisema amezichezea picha, kwa kuwa alikwangua kioo pembeni mwa chembe ili nyuma pawe peusi. Kukwangua alikwangua kweli, ili uzuri uonekane, na si vibaya kulisema. Lakini kazi yake ilisimama. Mnamo Novemba 1931, yeye na W. J. Humphreys wa idara ya hali ya hewa ya Marekani walitoa kitabu chenye picha zaidi ya 2,400. Kitabu hicho kilimtia hamu Ukichiro Nakaya wa Japani, ambaye mwaka 1936 aliweza kuitengeneza chembe ya theluji ndani ya maabara, ikaota juu ya unywele wa sungura.

Bentley hakuishi kuyaona hayo. Wiki chache baada ya kitabu kutoka, alirudi kwake kwa miguu katika dhoruba ya theluji, mwendo wa kama kilomita 10. Akashikwa na homa ya mapafu, akafa tarehe 23 Desemba 1931, umri wake miaka 66. Kile alichokipenda ndicho kilichomchukua.

Ndugu zangu, kilichonivuta kwake ni kwamba hakwenda mbali. Alikitazama kilichoanguka mlangoni pake, akakiweka wasiokuwapo wakione. Sisi tuna kusi na kaskazi, tuna maji ya bamvua na ya mafu, tuna manahodha waliojua nyota na wavuvi wajuao jina la kila samaki. Wengi katika wazee hao wamekwenda na elimu yao, wala hapakuwa na aliyeshika kalamu. Theluji ya Jericho iliyeyuka miaka mia iliyopita, nasi twaiona hadi leo. Basi kijana mwenye kamera na amwendee mzee wake kabla naye hajayeyuka.