Samuel Johnson, mtunga kamusi aliyeogopa kuwa peke yake

Sisi wanafunzi wa lugha tunalijua jina la Samuel Johnson kwa sababu ya kamusi yake ya Kiingereza iliyotoka mwaka 1755. Darasani tunaelezwa jinsi alivyopanga maana za maneno, jinsi alivyochota mifano vitabuni, na mahali alipokosea kuhusu asili ya maneno. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba mtu huyo alikuwa mgonjwa tangu utotoni, na kwamba kwa zaidi ya miaka hamsini alipambana na huzuni nzito iliyomfanya aogope kurukwa na akili. Maisha yake yanafaa kusimuliwa kutoka upande huo pia.

Alizaliwa Septemba 1709 huko Lichfield, mji mdogo wa Uingereza, baba yake akiwa muuza vitabu. Akiwa bado mchanga alipata kifua kikuu cha tezi za shingo. Ugonjwa ulimwachia makovu, jicho moja karibu pofu, na sikio lisilosikia vizuri. Wakati huo watu waliamini kwamba mkono wa mfalme unaweza kuponya ugonjwa huo, kwa hiyo mama yake alimpeleka London mwaka 1712 ili aguswe na Malkia Anne. Hakupona. Alikua mtu wa mwili mkubwa, mwenye mishtuko ya mabega na mikono asiyoweza kuizuia, hata waliomwona mara ya kwanza walidhani amepungukiwa akili.

Mwaka 1728 aliingia Chuo Kikuu cha Oxford. Baada ya miezi kumi na tatu hivi fedha zilikwisha, akarudi nyumbani bila shahada. Alikuwa na miaka ishirini. Hapo ndipo giza lilipomshika. Yasemekana aliweza kuitazama saa ya mji kwa muda mrefu asijue inaonyesha saa ngapi. Siku nyingine alijilazimisha kutembea kwa miguu hadi Birmingham na kurudi, zaidi ya kilomita 50, ili mwili uchoke na mawazo yatulie.

Alifanya jambo lingine lililohitaji moyo zaidi. Alimwandikia barua daktari Swynfen, baba yake wa ubatizo, akimweleza kwa Kilatini hali yake yote. Daktari alistaajabia ufasaha wa Kilatini kile, akawaonyesha watu wengine barua hiyo. Johnson aliumia sana. Alikuwa ameomba msaada, naye msomaji wake akaona mtindo tu.

Mwaka 1737 alikwenda London pamoja na aliyekuwa mwanafunzi wake, David Garrick, ambaye baadaye alikuwa mwigizaji maarufu. Johnson aliishi kwa kuandika magazetini, kwa malipo madogo. Mwaka 1746 kundi la wachapishaji lilimpa mkataba wa kutunga kamusi kwa pauni 1,575. Aliahidi kuimaliza kwa miaka mitatu. Ilimchukua karibu tisa. Chuo cha Ufaransa kilichoundwa mwaka 1635 kilitoa kamusi yake mwaka 1694, kikiwa na wanachama arobaini. Yeye alikuwa na wasaidizi sita, katika chumba cha juu kabisa, chini ya paa la nyumba yake.

Namna ya kazi tunaifahamu. Alisoma vitabu, akapigia mstari neno kwa kalamu ya risasi, nao wasaidizi wakanakili sentensi nzima kwenye vikaratasi, vile ambavyo sisi tunaviita fishi. Kwa mtu mwenye huzuni, kazi ya maneno zaidi ya elfu arobaini ingeweza kuwa mzigo wa kumzamisha, na kweli kulikuwa na vipindi ambavyo haikusogea. Lakini kazi hiyo ilikuwa na jambo moja jema: iligawanyika. Asubuhi hakudaiwa kamusi nzima. Alidaiwa neno linalofuata, na ghorofani kulikuwa na watu waliokuwa wakilingoja.

Machi 1752 mke wake, Elizabeth, alikufa. Majuma mawili hivi baadaye aliletwa nyumbani kwake mtoto wa miaka kumi hivi, Francis Barber, mweusi aliyezaliwa utumwani Jamaika. Johnson, aliyeuchukia utumwa, alimpeleka shule. Mtoto huyo alikua pamoja naye, akawa mtumishi wake wa miaka mingi, na mwishoni ndiye aliyeandikiwa katika wasia sehemu kubwa ya mali yake, pamoja na pauni 70 kila mwaka. Jambo hilo liliwashangaza Waingereza wengi.

Nyumba haikukoma kujaa. Aliishi humo Anna Williams, mshairi aliyekuwa kipofu. Aliishi Robert Levet, mganga asiye na shahada aliyetibu maskini wa London. Baadaye aliingia Elizabeth Desmoulins, mjane asiye na kitu, naye alikuwa binti wa yule yule daktari Swynfen. Watu hao waligombana karibu kila siku. Tangu mwaka 1762 Johnson alipokea kutoka kwa mfalme pauni 300 kwa mwaka, angeweza kabisa kuishi kwa utulivu bila wao. Hakuwafukuza. Aliuogopa usiku, akachelewa kurudi kutoka kwa marafiki, lakini hata akichelewa namna gani, alikunywa chai na Anna Williams kabla ya kulala. Waliitwa wategemezi wake. Kwa kweli na yeye aliwategemea.

Tusidhani kwamba kazi na watu vilimponya. Kamusi ilikwisha, jina likavuma, na giza likarudi. Alimwambia rafiki yake kwamba angekubali kukatwa kiungo ili apate tena nguvu ya moyo. Mwaka 1766 mke na mume wa familia ya Thrale walimkuta amekata tamaa kabisa, akisema kwa hofu juu ya akili yake. Safari hii walioisikia sauti yake hawakustaajabia ufasaha. Walimchukua kwao Streatham, wakakaa naye kwa miezi, na kwa miaka kama kumi na sita aliendelea kuwa na chumba chake pale.

Alijifunza pia mbinu ndogo ndogo. Mawazo yakichafuka, alifanya hesabu. Alipenda majaribio ya kemia. Rafiki yake kijana James Boswell, aliyesumbuliwa na huzuni kama yeye, alishauriwa kwamba asiye na kazi asikae peke yake, na aliye peke yake asikae bila kazi.

Juni 1783, usiku, kiharusi kilimnyang'anya usemi. Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kupima akili yake: alitunga kichwani sala ya mashairi ya Kilatini. Mashairi hayakuwa mazuri, lakini alitambua kwamba si mazuri, hivyo akajua akili bado ipo. Kisha akaandika barua kuita msaada. Baada ya siku chache usemi ulianza kurudi. Alikufa tarehe 13 Desemba 1784, akiwa na miaka 75, baada ya kukataa afyuni ili afe akiwa na fahamu kamili.

Ukimtafutia Johnson sababu moja kubwa iliyomfanya aishi miaka yote hiyo, hata dini yake haitoshi, kwa maana ilimpa matumaini na hofu pia. Unakuta sababu ndogo, nyingi, zilizopokezana: neno linalofuata, mtoto wa kusomeshwa, kikombe cha chai, marafiki wenye chumba kitupu.

Katika kitivo chetu wamo wanaoitazama saa bila kuisoma. Kwao, Johnson ni ushahidi kwamba kumweleza mtu ni hatua ya kweli, na kwamba msikilizaji wa kwanza akishindwa, si wa mwisho. Na sisi wengine, ambao kazi yetu ni kuchambua lugha, siku tutakapoletewa barua kama ile, tuisome kwanza kama barua, tuitunze siri, kisha twende kwa aliyeiandika.