Eunus: Mtumwa aliyetema moto akawa mfalme

EUNUS, mzaliwa wa Apamea nchini Syria, alikuwa mtumwa mjini Enna, kisiwani Sicily. Alijitangaza nabii aliyeahidiwa ufalme. Alificha kaa la moto ndani ya ganda la kokwa lililotobolewa, akapuliza, na ndimi za moto zikamtoka kinywani. Bwana wake alimfanya kichekesho karamuni.

Mnamo 135 KK, watumwa waliochoshwa na ukatili wa tajiri Damophilus walimwendea kuomba kibali cha miungu. Waliiteka Enna, wakamtawaza kwa jina Antiochus, na kuyashinda majeshi ya Roma mara kadhaa.

Rupilius aliutwaa mji huo mwaka wa 132 KK. Eunus alinaswa pangoni pamoja na mtumbuizaji wa karamu zake, akafia gerezani kwa maradhi.